Makali Kwanza: Kuchagua na Kutunza Zana za Mkono za Seremala

Zana ya mkono katika useremala ni chombo kisicho na nguvu yake chenyewe. Msumeno, randa, patasi na tezo hutegemea mkono, bega na jicho la fundi, na ndiyo maana kasoro ndogo ya chuma au ya makali, ambayo mashine huweza kuificha kwa kuwa mota yake haichoki, katika zana ya mkono hujitokeza papo hapo: nyuzi za mbao hunyofoka badala ya kukatika, kiungo hukataa kukaa, na fundi hutokwa jasho kwa kazi iliyopaswa kumchukua dakika chache. Katika maeneo yanayosifika kwa samani, kama Keko jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi, mashine za umeme za kupasua na kuranda zimekwisha kuwa sehemu ya kazi ya kila siku, lakini droo inayokwama bado hulainishwa kwa randa ya mkono, tundu la bawaba bado huchimbwa kwa patasi, na nakshi bado huchongwa kwa mkono tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa sababu hiyo elimu ya zana hizi haijapitwa na wakati, na kiini chake ni kimoja: seremala anayeanza anahitaji zana chache kuliko anavyodhani, na anahitaji kujua kunoa kabla ya kujua mambo mengine mengi.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia kwamba kazi hii ina mizizi mirefu katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa maana lugha haiwekei jina la pekee kitu ambacho watu wake hawakishiki mara kwa mara. Neno randa lina asili ya Kiajemi; juba ni patasi nene ya kuchimbia matundu; bobari ni patasi yenye makali yaliyopinda kama nusu duara, inayotumika kuchonga mifereji na maua ya nakshi; tezo ni chombo kinachofanana na jembe dogo, ambacho mafundi wa majahazi huchongea mataruma na mbao za ubavuni; na keekee ni kitobolea ambacho zamani kilizungushwa kwa uta na kamba, ingawa siku hizi jina hilo hutumika kwa kitobolea cha aina yoyote. Hata msasa, karatasi ya kulainishia mbao inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, umechukua jina la mti ambao majani yake yakikauka huwa ya kukwaruza, na mafundi walikuwa wakiyasugulia mbao kabla karatasi hiyo haijafika. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilichongwa kwa zana za aina hii, na mtu anayeisogelea milango hiyo ataona kwamba ukingo wa kila jani la nakshi umekatika safi bila kuchanika, jambo lisilowezekana kwa patasi butu hata mchongaji awe na kipaji cha namna gani.

Ubora wa zana ya kukatia huanzia katika chuma. Chuma laini, kile kinachotumika kutengenezea nondo za kawaida na madirisha, hakiwezi kushika makali kwa kuwa hakina kaboni ya kutosha; chuma cha patasi na cha kisu cha randa ni feleji, yaani chuma kigumu chenye kaboni nyingi zaidi, ambacho mhunzi hukipasha moto hadi kiwe chekundu kisha hukizima ghafla katika mafuta au maji ili kikakamae. Chuma kilichozimwa hivyo huwa kigumu kupita kiasi na huvunjika kama kioo, kwa hiyo hupashwa tena moto mdogo ili kipunguziwe ukavu wake. Katika hatua hiyo rangi ya uso wa chuma ndiyo kipimo cha mhunzi: kikifika nyuzijoto 220 hadi 240 hivi za Selsiasi huwa na rangi ya majani makavu, ambayo ndiyo rangi inayotakiwa kwa patasi, na kikikaribia nyuzijoto 300 hugeuka bluu, rangi inayofaa springi lakini iliyo msiba kwa zana ya kukatia mbao. Maarifa haya si ya mhunzi peke yake. Fundi anayekandamiza patasi yake kwenye jiwe la umeme linalozunguka kasi anaweza kuipasha moto kiasi hicho kwa sekunde chache tu, na akiona ncha imegeuka bluu ajue kwamba sehemu hiyo imekwisha kulainika na haitashika makali tena mpaka isagwe yote na kuondolewa. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kugusisha chuma kwenye jiwe kwa muda mfupi na kukichovya majini kila mara, kabla vidole havijahisi joto.

Mnunuzi asiyekuwa na maabara ana jaribio moja rahisi la kupima ugumu, nalo ni tupa. Tupa mpya ikipitishwa taratibu kwenye kona ya patasi karibu na makali, bila kuyagusa makali yenyewe, na ikateleza kwa sauti kavu huku ikikwaruza kidogo tu, chuma hicho ni kigumu vya kutosha. Lakini tupa ikiuma na kutoa unga kwa urahisi kama inavyouma msumari, patasi hiyo ni pambo, hata ikiwa imepakwa rangi ya kung'aa na kuwekwa katika boksi zuri pamoja na wenzake kumi. Jaribio hili hutofautisha vizuri bidhaa za bei ya chini zilizojaa sokoni, ambazo baadhi yake ni nzuri na nyingine ni hasara tupu, na pia husaidia kutambua kazi ya wahunzi wa mitaani wanaofua patasi na tezo kutokana na springi za magari. Springi ya gari ni chuma chenye kaboni ya kutosha kukakamaa, na mhunzi anayejua kuzima na kurudisha joto kwa kiasi hutoa nayo tezo lisiloaibika mbele ya lolote la dukani. Wanaofaa kulaumiwa ni wale wanaofua umbo zuri kisha wakaacha chuma kipoe chenyewe, kwa maana umbo bila ugumu halikati.

Katika kuchagua, zana za kupimia zinastahili kutangulia zile za kukatia, ingawa wengi huziacha za mwisho kwa kuwa hazivutii macho. Skwea, yaani kipimo cha pembe mraba chenye ubao au chuma kinene upande mmoja na bamba jembamba upande wa pili, huweza kujaribiwa palepale dukani kwa kipande cha ubao chenye ukingo ulionyooka na penseli iliyochongwa vizuri. Sehemu nene huegemezwa kwenye ukingo, mstari ukachorwa kufuata bamba. Kisha skwea hugeuzwa upande wa pili, ikaegemezwa kwenye ukingo uleule, na mstari mwingine ukachorwa kuanzia pale ulipoanzia wa kwanza. Mistari hiyo ikilaliana, skwea ni ya kweli. Ikiachana kadiri inavyopanda, upungufu wa skwea ni nusu ya mwanya unaoonekana, kwa kuwa kila mchoro umepotoka kwa upande wake. Jaribio hili halichukui hata dakika mbili, na skwea inayolishindwa itapotosha kila kiungo, kila fremu ya mlango na kila kabati litakalotoka mikononi mwa mwenye nayo.

Msumeno huchaguliwa kwa meno yake na kwa unyofu wa bamba lake. Msumeno wa kupasulia, unaofuata urefu wa nyuzi za mbao, huwa na meno makubwa, kati ya matano na saba kwa kila inchi, na kila jino hunolewa kama patasi ndogo inayokwangua nyuzi kutoka mwisho wake. Msumeno wa kukatia, unaopita kukingama nyuzi, huwa na meno madogo zaidi, kwa kawaida manane hadi kumi kwa inchi, na kila jino hunolewa kwa mshazari ili ncha yake iwe kama kisu kinachochanja nyuzi pande zote mbili kabla hazijaondolewa. Kutumia mmoja mahali pa mwingine kunawezekana, lakini ni kazi ya kujitesa. Upo pia msumeno mfupi wenye mgongo wa shaba au chuma juu ya bamba lake, wenye meno kumi na mawili hadi kumi na manne kwa inchi, ambao kazi yake ni kukata ndimi, yaani zile sehemu zilizochongoka mwishoni mwa ubao ambazo huingia katika tundu la ubao mwingine na kufanya kiungo ambacho mafundi waliopita vyuoni hukiita tenoni na motisi.

Mnunuzi wa msumeno na afumbe jicho moja, atazame kwenye mstari wa meno kuanzia mpinini hadi nchani, na kama bamba limepinda au lina wimbi aurudishe. Kisha alikunje bamba kidogo na kuliachia, nalo linapaswa kurudi kuwa limenyooka bila kubaki na kovu. Jambo jingine la kuangalia ni rangi ya meno. Misumeno mingi ya kisasa ina meno yaliyokakamazwa kwa umeme, ambayo huonekana na weusi wa samawati kwenye ncha zake, na meno ya namna hiyo hukaa na makali kwa muda mrefu lakini hayanoleki kwa tupa, kwa sababu yana ugumu unaoshindana na tupa yenyewe. Msumeno huo ni wa kutumia na kutupa. Kwa fundi wa kijijini ambaye duka liko mbali, msumeno wa kawaida wenye meno ya kunoleka una thamani kubwa zaidi hata ukiwa umetumika miaka ishirini, ilimradi bamba halijaliwa na kutu hadi kuwa na mashimo.

Randa ndiyo zana yenye sehemu nyingi, na kwa hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Randa ya mbao, ambayo kisu chake hushikwa kwa kabari, bado hutengenezwa na mafundi wenyewe na ni nyepesi mkononi. Randa ya chuma inayoonekana katika maduka mengi hufuata muundo wa Mmarekani Leonard Bailey, ambaye haki za uvumbuzi wake zilinunuliwa mwaka 1869 na kampuni ya Stanley Rule and Level ya New Britain, jimboni Connecticut. Ubora wa muundo huo ni skrubu ya nyuma ya kisu inayomwezesha fundi kuongeza au kupunguza kina cha kisu kwa vidole huku randa ikiwa bado mkononi. Namba za randa hizo zimeenea duniani kote na watengenezaji wengine wamezifuata: namba 4 ni randa fupi ya kulainishia uso, na namba 5, yenye urefu wa takriban inchi 14 na kisu cha inchi 2, ni ya kazi za jumla. Seremala mwenye fedha ya kununua randa moja tu na achukue namba 5, kwa sababu huweza kunyoosha ukingo wa ubao na pia kulainisha uso wake, ilhali namba 4 huelekea kuufuata ubao mrefu katika mabonde yake.

Uso wa chini wa randa, ambao hapa utaitwa kitako, ndio unaoongoza kila kitu, na upimaji wake unahitaji rula iliyonyooka na mwanga wa dirishani tu. Rula husimamishwa kwa ukingo wake juu ya kitako, kwa urefu na kwa mshazari, na fundi hutazama kama mwanga unapenya chini yake. Sehemu tatu zinapaswa kugusa rula kwa pamoja: mbele kabisa, nyuma kabisa, na ule ukingo ulio mbele tu ya mdomo, yaani upenyo ambamo kisu hutokea. Bonde dogo katikati ya sehemu hizo halidhuru. Bonde mbele ya mdomo hudhuru sana, kwa kuwa ukingo huo ndio unaokandamiza nyuzi zisiruke kabla ya kisu kuzifikia. Juu ya kisu kuna bamba la pili lililofungwa kwa skrubu, ambalo kazi yake ni kulivunja randa, kwa maana ya lile ganda jembamba la mbao, mara tu linapoinuka, ili lisichane mbao mbele ya makali. Bamba hilo huwekwa takriban milimita moja na nusu nyuma ya makali kwa kazi ya kupunguza mbao nyingi, na husogezwa hadi nusu milimita au chini ya hapo kwa kazi ya kumalizia au kwa mbao yenye nyuzi zilizosokotana. Mafundi wengi walioikatia tamaa randa yao wangeipatanisha na mbao kwa kulisogeza bamba hili peke yake, na kwa kuhakikisha kwamba linabana kisu bila kuacha mwanya ambamo maranda huingia na kukwama.

Patasi haina siri nyingi. Nne zinatosha kwa kuanzia, zenye upana wa milimita 6, 12, 18 na 25, pamoja na juba moja kwa anayetengeneza milango na fremu. Patasi zilizopunguzwa kingo zake za juu huingia katika pembe finyu lakini hazipendi kugongwa kwa nguvu na kubenuliwa. Juba ni nene kwa makusudi, ili fundi aweze kulipigilia kwa nyundo ya mti na kung'oa vipande bila kulivunja. Mpini uangaliwe kama nyuzi zake zimefuata urefu wake, na kama una pete ya chuma kichwani kwa patasi za kugongwa.

Zana hizi zote hukutana na mbao zisizofanana, na mbao za Afrika Mashariki ni walimu wakali. Mvule, unaopendwa kwa kutoliwa na mchwa kwa urahisi, mara nyingine huwa na mawe ndani yake, yaani mabonge ya chokaa yaliyojikusanya katika mti ukiwa hai, na randa ikikutana na bonge hilo makali hupata pengo la kuonekana kwa macho. Msaji, unaolimwa katika mashamba ya Longuza na Mtibwa nchini Tanzania, una chembe za silika, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga, ambazo hula makali polepole hata pale ambapo mbao yenyewe inaonekana kukatika kwa ulaini. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na hukata kama mfupa. Mbambakofi, ambao bara wengi huuita mkongo, una nyuzi ngumu lakini zenye adabu. Mtu angetarajia kwamba msonobari wa Sao Hill, ulio laini kuliko yote hiyo, hauhitaji zana kali sana, lakini ukweli ni kinyume: nyuzi laini hazina nguvu ya kusimama mbele ya makali butu, kwa hiyo hulala na kupondeka, na mwisho wa ubao uliokatwa kwa patasi isiyonolewa huonekana kama mkate uliofinywa. Ndiyo sababu mafundi waangalifu huijaribu patasi iliyotoka kunolewa kwenye ncha ya ubao wa msonobari, na si kwenye mti mgumu.

Kunoa kwenyewe ni kazi ya kukutanisha nyuso mbili tambarare mpaka mstari wa makutano yao usiwe na unene. Uso wa kwanza ni mgongo wa patasi, ambao wengi huusahau. Sentimita moja au mbili zilizo karibu na makali zinapaswa kulazwa kabisa juu ya jiwe na kusuguliwa mpaka zing'ae bila doa, na kazi hiyo hufanywa mara moja tu katika maisha ya patasi ikiwa mwenye nayo hatainua mpini hata kidogo siku za baadaye. Uso wa pili ni ule ulioinama. Pembe yake kwa kazi nyingi ni nyuzi 25 inaposagwa na nyuzi 30 kwenye ncha inayokata, na kwa juba linalogongwa huweza kufika 35 ili ncha isipukutike. Asiyekuwa na kipimapembe anaweza kutumia unene wa chuma: urefu wa uso ulioinama ukiwa mara mbili ya unene wa patasi, pembe ni nyuzi 30, ukikaribia mara mbili na nusu, pembe ni kama 24.

Jiwe la kunolea, ambalo Kiswahili huliita kinoo, huuzwa mara nyingi likiwa na upande wa kukwaruza na upande laini, na huhitaji mafuta mepesi au maji ili vumbi la chuma lisizibe vinyweleo vyake. Jiwe lililokwisha kutiwa mafuta libaki na mafuta, lisichanganywe na maji tena. Asiyepata jiwe zuri anaweza kuchukua kipande cha kioo kinene na msasa wa maji wa namba 400, 1000 na 2000, akaubandika kwa maji tu juu ya kioo, na matokeo yake yatakuwa mazuri kuliko ya jiwe la bei kubwa lililobonyea katikati. Patasi hulazwa kwa uso ulioinama mpaka uso huo uguse jiwe wote, kisha huinuliwa kidogo sana kuelekea kwenye ncha, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikakandamiza karibu na makali, na mwendo ukawa wa kwenda na kurudi bila kuyumbisha mpini. Baada ya mapitio kadhaa, kidole kikipitishwa taratibu mgongoni kuelekea nje ya makali kitahisi kinyuzi cha chuma kilichojikunja kwa upande wa pili. Kinyuzi hicho ndicho ushahidi pekee kwamba msago umefika hadi ukingoni. Kabla hakijatokea kwa upana wote, kuhamia upande laini wa jiwe ni kupoteza muda. Kikishatokea, kazi huhamia kwenye upande laini, kisha mgongo hulazwa na kusuguliwa mara chache ili kukiondoa, na hatimaye patasi huburutwa kinyumenyume juu ya ngozi ya mkanda wa zamani iliyobandikwa kwenye ubao. Makali yaliyokamilika hayaonekani: yakielekezwa kwenye mwanga hayatoi mng'ao wowote, kwa sababu kinachong'aa ni ubapa, na ukingo wa kweli hauna ubapa wa kurudisha mwanga. Doa linalometameta popote kwenye mstari huo ni sehemu ambayo bado ni butu.

Jiwe nalo huchoka. Likitumiwa katikati tu hubonyea, na jiwe lililobonyea hutoa makali yenye tumbo. Dawa yake ni kulisugua mara kwa mara juu ya msasa mkavu uliolazwa kwenye kioo, mpaka mistari ya penseli iliyochorwa juu yake ifutike yote kwa pamoja.

Msumeno hunolewa kwa tupa ya pembe tatu, na utaratibu wake haubadiliki. Kwanza tupa bapa hupitishwa juu ya ncha za meno kwa urefu wote wa msumeno ili yote yawe ya kimo kimoja na kila moja libaki na doa dogo linalong'aa. Kisha meno hupindwa kidogo, moja kushoto na linalofuata kulia, kwa koleo maalumu, kwa sababu njia inayoachwa na meno isipokuwa pana kuliko bamba, msumeno hukwama. Na mwisho tupa ya pembe tatu hupita katika kila bonde, ikisukumwa mbele tu na kuinuliwa inaporudi, mpaka doa la kila ncha litoweke. Msumeno wa kupasulia hunolewa tupa ikiwa imesimama mraba na bamba, na wa kukatia tupa ikiwa imeelekezwa kwa mshazari. Upindaji wa meno usishuke chini ya nusu ya kimo cha jino, yaani ipindwe ncha na si shina, kwani jino lililopindwa kutoka shinani huvunjika.

Tezo hunolewa upande wa ndani, ule unaotazama mpini, na upande wa nje huachwa ulale vilevile kama mgongo wa patasi. Biti za kutobolea zenye skrubu nchani hunolewa kwa tupa ndogo kutoka ndani, wala zisiguswe kwa nje, kwa maana zikipungua kwa nje tundu huwa dogo kuliko biti na biti hunasa.

Adui mkubwa wa zana za pwani ni hewa ya chumvi. Jasho la mkono na upepo wa bahari huweza kuweka kutu juu ya chuma kilichong'arishwa kwa usiku mmoja, kwa hiyo zana zifutwe kwa kitambaa kikavu mwisho wa kazi na kupakwa mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa mengi hugandamana na kuwa gundi. Mipini hupakwa mafuta ya kitani, na hapa pana tahadhari nzito: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka bila cheche yoyote, kwa hivyo vianikwe kimoja kimoja nje au vilowekwe majini kabla ya kutupwa. Nyundo iliyolegea kichwa isitiwe katika ndoo ya maji, ingawa desturi hiyo imeenea, kwa sababu mti ukivimba ndani ya chuma nyuzi zake hupondeka, na ukikauka hulegea kuliko mwanzo. Kabari mpya ndiyo tiba, na mpini ukiwa umepasuka, mti wa mpera uliokauka vizuri kivulini hutoa mpini mgumu usiochoma mkono. Patasi zilazwe kwenye mfuko wa turubai wenye vyumba au zitundikwe ukutani, na randa ilazwe ubavu au kisu kirudishwe ndani, kwa kuwa patasi iliyotupwa sandukuni pamoja na nyundo hupoteza makali yake njiani kabla haijagusa ubao.

Watu wengi huogopa zana kali kwa kudhani kwamba ndiyo inayokata vidole. Zana butu hudai nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo inayoponyoka: patasi inayosukumwa kwa uzito wa mwili wote ikikatikiwa na ukinzani ghafla haiwezi kuzuilika, ilhali ile kali husukumwa kwa kiganja kimoja na kuongozwa na kingine, mikono yote miwili ikiwa nyuma ya makali na ubao ukiwa umebanwa kwenye jiriwa la benchi. Mwanafunzi na afundishwe hivyo tangu siku ya kwanza, kabla hajapewa ubao wa kukata.

Kwa hiyo anayekwenda dukani kununua zana zake za kwanza, fedha zake zikiwa za kuhesabu, achukue skwea aliyoipima mwenyewe, msumeno mmoja wenye meno ya kunoleka, randa namba 5, patasi mbili zilizoshinda jaribio la tupa, na jiwe la kunolea. Fedha zikipungua, na apunguze patasi iwe moja, lakini jiwe asiliache dukani.